Kura Tatu za Mjimwema

Jumatatu, 22 Septemba 1958
Shemeji Lameki karudi kutoka Makambako, anasimulia kura ya serikali. Ati unachagua watu watatu kwa mpigo: Mwafrika, Mzungu, Mhindi. Ukiruka mmoja, kura imeharibika! Nikacheka mpaka nikajishika mbavu. Halafu akili ikaniingia! Alhamisi chama chetu cha akina mama wa Mjimwema kinachagua rais. Lucia anashinda kila mwaka, maana Wabena ni wengi. Mimi Ema nimezaa hapa, nimezika hapa, bado ni “yule mgeni wa Makete.” Sasa basi! Kila mama ataje watatu: Mbena, Mkinga, Mpangwa. Wabena watagawana kura. Mkinga ni nani? Mimi peke yangu!

Jumanne
Nimezunguka nyumba kwa nyumba. Nimewaambia huu ndio ustaarabu, na siku nchi ikipata rais wake atachaguliwa hivihivi. Wamekubali! Ila Lucia kauliza, Mpangwa tutamtoa wapi? Balaa.

Jumatano
Nimempata! Noela, mke wa seremala. Bubu si bubu. Kakataa, ati hawezi kusema mbele za watu. Nikampelekea viazi. Nikamkatia kuni. Nikamwambia, mdogo wangu, wewe kaa tu, kusema niachie mimi. Kakubali. Maskini, hajui kitu!

Alhamisi
Wabena wamegawana vipande vipande. Ema: katajwa na kila mtu! Noela: katajwa na kila mtu. Jamani! Mpangwa naye yuko peke yake, mbona hakuna aliyenionya? Lucia akasema basi turudi mtindo wa zamani, kila mtu asimame nyuma ya anayemtaka. Wote nyuma ya Noela! Ati huyo angalau atawasikiliza. Nyuma yangu jirani yangu Dorika tu. Nikamkumbatia. Kasema samahani dada, nimejikinga upepo, wewe una mwili. Nikalia. Lucia kanifuta uso kwa khanga yake huku anacheka, ati mwenzetu huyu ana vituko, bila yeye tungekuwaje? Wakanikalisha katikati yao, wakanipa togwa. Maneno matupu! Urais uko wapi?

Ijumaa
Kosa nimeliona. Kabila halifai, dini ndiyo! Mwakani kila mama ataje Mlutheri mmoja na Mromani mmoja. Chama kizima ni Walutheri. Kesho naenda Uwemba kwa mapadri, nikawe Mromani. Nimemwambia Noela twende wote, naye akawe. Njia ndefu ile, nitaongea na nani?