Nyota Moja Iliyomzika Mzee Karumba

Leo nimeaibika, na pole zenu sizitaki. Nawaandikia nyinyi wa orodha hii ya barua pepe ya Linux kwa sababu ni nyinyi mlionijaza kichwa kwamba mtu akishajua Linux hawezi tena kuonekana mjinga. (Mimi ndiye niliyepiga kelele zaidi, najua. Nyamazeni.)

Mnajua nafundisha kompyuta katika kale kachuo kalikoko juu ya duka la mbolea hapa Thika. Nimechoka nako. Nina wanafunzi ambao ukiwaambia washike mausi wanaiinua hewani na kuielekeza kwenye skrini kama tochi. Basi chama kimoja cha wakulima wa kahawa kule Ruiru kilipotangaza kinatafuta karani wa kompyuta, kazi ya kudumu, ofisi yenye mlango wako mwenyewe, nikasema hii ni yangu. Mchujo ukabakisha wawili. Mimi na Kimotho.

Kimotho! Yule wa Windows. Mtu ambaye kompyuta yake ikikwama anaizima, anaipepea na gazeti, halafu anaiwasha. Ukimuuliza imekwama kwa nini, anakujibu, "Imechoka." Huyo ndiye niliyewekwa naye mizani moja.

Tulipewa majina ya wakulima tuyaingize kwenye mashine, kisha leo tuje tuyachapishe mbele ya kamati. Mimi nilimaliza kwa siku mbili, kila kijiji na faili lake. Siku zilizobaki nikacheza gemu. Lile la herufi tupu, linalokuja pamoja na Linux, ambalo unazurura chini ya ardhi mpaka ufe, na ukifa linakuchorea kaburi lenye jina lako na kilichokuua. Sasa, mkuu wa chuo hupenda kupita nyuma yangu akichungulia. Nikafanya ujanja. Shujaa wangu nikampa jina la mwenyekiti wa kile chama, Mzee Karumba.

Mkuu akipita anaona KARUMBA kwenye skrini. "Kazi ya Ruiru inaendelea, mwalimu?"

"Inaendelea vizuri sana."

Na Karumba anakufa. (Mara nane. Mimi si hodari, sawa?) Kila kaburi nikalihifadhi ili niwaletee nyinyi hapa tucheke. Nikayahifadhi wapi? Folda ileile ya majina ya wakulima. Sitaki maswali.

Asubuhi nimefunga kasha la kompyuta mgongoni kwa leso, maana sikuwa na mtu wa kunibebea. Ajuza mmoja akanisimamisha njiani. "Huyo ni wa miezi mingapi?"

"Si mtoto, shosho. Ni kompyuta."

"Hata hivyo mfunike kichwa, kuna baridi."

Ofisini nikakuta wazee sita wenye makoti, thamosi moja ya chai na sinia ya mandazi. Mzee Karumba amekaa mwisho wa meza. Pembeni yake makamu wake, Mzee Gachie, ambaye Ruiru nzima inajua anakitaka kile kiti.

Kimotho akaanza. Akachapisha faili la kwanza, bofya, ngoja. La pili, bofya, ngoja. La tatu, skrini ikageuka buluu. Ikakwama. Akachukua gazeti akaanza kupepea.

Nikacheka. Si kwa chini chini, nikacheka kabisa, mbele ya wazee.

"Wazee wangu," nikasema huku naiunganisha mashine yangu na printa yao, "hii yangu haichoki. Ukiituma kazi, imetumwa. Hata stima ipotee taa zizimike, ikirudi inaendelea pale ilipoachia."

"Na ukitaka isimame?" akauliza Mzee Gachie.

"Kwa nini utake isimame?" (Woi. Mdomo wangu huu.)

Halafu, ili Kimotho aone vile watu wazima hufanya, sikutaja faili hata moja. Niliandika amri ya kuchapisha, nikaongeza ile nyota yetu, inayomaanisha kila kitu kilichomo humu. Herufi tatu na alama moja. Nikabonyeza kwa kidole cha mwisho, na madharau yote niliyonayo.

Printa ikaanza, krrr, krrr. Kikatoka kijiji cha Gatong'ora. Wazee wakasimama. "Haiya! Ona jina langu!" Kikatoka Githunguri. Mzee Karumba akapiga makofi. Akanitazama kama mtu anayefikiria ni mlango gani atanipa. Nikamkonyeza Kimotho.

Lakini nyota hufuata alfabeti. G ikaisha. Ikaingia K, K ya Karumba.

Ukatoka mstari wa mviringo. Mzee Karumba akainama. "Hii nayo ni nini? Nyumba?"

"Ni... ni mapambo, baba."

Mnajua zile printa za sindano, hutoa mstari mmoja mmoja, polepole, hazina huruma. Likatoka neno la Kizungu la kumtakia marehemu pumziko. Likatoka jina, KARUMBA. Halafu ule mstari wa chini. Mzee mmoja aliyewahi kuwa mwalimu akavaa miwani, akatafsiri kwa sauti, hakuna aliyemwomba.

"Inasema Mzee Karumba ameuawa na panya."

Printa ikaendelea. Kaburi la pili.

"Hapa inasema amesongwa na chakula."

Mzee Karumba akalirudisha andazi kwenye sinia.

Nikaruka kwenye kibodi. Na hapo ndipo nilipogundua kitu: miaka mitatu ya kujisifu, najua kutuma kazi kwa printa kwa njia tano, na sijawahi kujifunza kuifuta hata moja! Nikaona heri aibu ndogo, nikaing'oa printa kwenye soketi.

"Ni printa imeharibika," nikasema. (Maskini printa, haikuwa na kosa.)

"Wacha nikusaidie, mwalimu," akasema Kimotho, sauti tamu. Akairudisha kwenye soketi.

Na Linux, kama nilivyowaahidi, haikuwa imesahau. Ikalirudia kaburi la chakula kuanzia juu. Kisha akafa kwa njaa. Kisha akatumbukia shimoni. Kisha akala nyama iliyooza. Mwalimu mstaafu hakuacha hata moja, anatafsiri tu, mpaka kaburi la nane.

Nilitarajia matusi. Matusi ningeyaweza. Lakini Mzee Karumba hakukasirika, aliogopa. Akaikumbatia bakora yake kwa mikono miwili. Hapo ndipo kicheko chote kiliponitoka mwilini, maana nyinyi ni watu wa huku, mnajua kumtamkia mzee kifo mbele ya wazee wenzake ni laana, si mchezo. Na mimi nilikuwa nimeitamka kwa maandishi.

"Msichana wangu," akasema polepole, "nani amekutuma?"

"Hakuna, baba. Ni gemu tu."

"Gemu imelijuaje jina langu?"

"Mimi ndiye niliyeliandika."

"Ukakaa chini, ukaandika jina langu, ukaniua mara nane?"

Jibu lake ni lipi? Nipeni nyinyi wajuaji. Wazee wote wakageuka wakamtazama Mzee Gachie.

"Mimi simjui huyu msichana!" akapiga kelele Mzee Gachie. Lakini nilimwona kwa macho yangu akilikunja kaburi la panya na kulitia mfukoni.

Wakatoka nje kushauriana. Tukabaki mimi na Kimotho na mandazi ambayo hakuna aliyethubutu kuyagusa. Waliporudi, mwalimu mstaafu ndiye aliyesema.

"Kazi ni ya Kimotho. Mashine yake ilikwama kabla haijasema neno baya."

Kimotho akatikisa kichwa taratibu, kana kwamba alikuwa ameipanga hivyo! Mjinga yule. Mjinga mwenye ofisi na mlango.

Na mimi? Mimi nimetozwa kondoo dume, wa rangi moja, apelekwe Ruiru Jumamosi ili maneno yale yaondolewe juu ya Mzee. Nimekubali bila kubishana. Nilimwona akitoka, alikuwa akiangalia chini kila hatua, kama kuna panya.

Kwa hivyo leo sina swali la modemu. Anayejua mwenye kondoo dume wa rangi moja, asiye na doa hata kwenye kwato, aniandikie upesi. Na anayetaka kucheka, aje Jumamosi amshike miguu.