Mama Hamira Adai Arudishiwe Inboksi za Watu

Ndugu Mmiliki wa Jukwaa la Waokaji,

Leo sikuandikii kama mama yako mdogo. Kama ningekuandikia hivyo, ningeanza kwa kukuuliza kwa nini hupokei simu zangu. Nakuandikia kikazi, mimi msimamizi wa jukwaa lako la mtandaoni, ambaye umemnyang'anya ruhusa ya kusoma ujumbe wa faragha wa wanachama bila hata kubisha hodi. Malalamiko yangu nimeyapa namba, usije ukasema mengine hukuyaona.

1. Namna ulivyonifungia. Nilikaa sebuleni na chai yangu kama kawaida, nikafungua inboksi za watu nianze kazi. Nikakuta kufuli. Nikadhani simu imeharibika, nikaipeleka kwa fundi. Akaigeuzageuza mbele ya wateja wake wote, kisha akasema kwa sauti, "Mama, simu ni nzima. Uliyefungiwa ni wewe." Nimekutumikia bila mshahara wala likizo, halafu habari zangu nazipata kwa fundi simu?

2. Neno "kuchungulia". Kwenye tangazo lako umeandika kwamba kuna msimamizi "aliyekuwa akichungulia". Mwanangu, anayechungulia hujificha. Mimi nilisoma nimekaa, mlango wazi, miwani usoni. Ufunguo ulinipa mwenyewe, ukasema, "Mama mdogo, mtu akilalamika kwamba katapeliwa, fungua uangalie." Sasa tapeli nitamjuaje kama sijawasoma wasio matapeli? Mchele huchambuliwa wote. Mwanachama mmoja aliniuliza hadharani, pilipili usiyoila yakuwashia nini? Nikamjibu kwa adabu kwamba mimi ni msimamizi, na pilipili zote za jukwaa hili nimekabidhiwa.

3. Suala la Mpambaji na Muuza Unga. Hili limepotoshwa sana, kwa hiyo nalieleza lilivyokuwa.

Mpambaji ni yule binti anayetengeneza maua ya sukari ya keki za harusi. Muuza Unga ni yule kaka mpole wa duka la jumla. Walianza kuandikiana faraghani kama watu wawili wanaosubiri daktari: habari, nzuri, za kazi, tunashukuru. Nilikaribia kukata tamaa nao. Taratibu wakachangamka. Kaka akawa anamwita binti Asali, binti naye akawa anamwita Gunia. Mapenzi yale niliyalea mimi kuliko wao. Wao waliandika wakaendelea na shughuli zao. Mimi nilirudi kusoma tena tangu mwanzo.

Siku moja binti akamwambia Gunia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu: kwamba aliwahi kuachwa siku ya harusi yake, watu wameshakaa, keki aliyoioka mwenyewe iko mezani. Nililia, Ndugu Mmiliki. Gunia akamwandikia, "Pole." Neno moja! Ningenyamaza, ningekuwa mtu gani? Nikaandika kwenye ukurasa wa wote: "Tumwombee binti yetu wa maua ya sukari, aliyeachwa ukumbini, Mungu ampe wa kufuta machozi." Jina sikulitaja. Kwamba kwenye jukwaa letu mwenye maua ya sukari ni mmoja tu, hilo si kosa langu.

Wanachama wakamiminika na pole zao. Mpambaji akaacha kuweka picha za keki. Hakuandika chochote hadharani, ila faraghani alimwambia Gunia, "Nilikwambia wewe peke yako." Gunia akaapa hakumwambia mtu. Binti hakumwamini. Niliteseka mno kusoma ugomvi ule, maana mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba kaka wa watu hana hatia, na nisingeweza kusema nimejuaje.

4. Mtego. Naam, nauita mtego, na nauliza kama sheria za jukwaa zinaruhusu wanachama kumtegea msimamizi. Nilisoma kwamba wamepatana, na kwamba Jumamosi mchana Gunia atamvisha pete kwenye chumba cha kuokea cha binti, wawili tu, asijue mtu. Nilifurahi! Lakini wawili tu, bila keki? Nikaoka. Nikaipamba vizuri, nikaandika juu yake "Hongera Gunia na Asali", nikaibeba mikononi hadi mlangoni.

Nilikuta jiko limepoa na wanachama wamejaa, wengine wamekalia ndoo za siagi. Mpambaji akasema, "Karibu, Mama Hamira. Nani amekualika?"

Nikasema, "Moyo umenituma tu, mwanangu."

Muuza Unga akainama kuisoma ile keki, akauliza taratibu, "Na Gunia na Asali, moyo umewatoa wapi?"

Nikaifunika keki kwa ncha ya kanga, na wote wameshaisoma. Binti hakunitukana, alimgeukia mwenzake akamwambia, "Nisamehe." Hakuna aliyeniomba mimi msamaha. Keki waliila yote, naomba hilo lizingatiwe.

5. Madhara ya uamuzi wako. Tangu umefunga, watu wanaandikiana wanavyotaka. Nani anawaangalia? Wale wawili nasikia wameoana. Nasikia, Ndugu Mmiliki! Mimi, wa kusikia!

6. Maombi. Naomba nirudishiwe inboksi zote. Pili, kwa kuwa wajanja sasa watahamia kwenye simu, naomba utafute namna msimamizi asikilize na simu. Tatu, na hili ndilo kubwa: watu huandika jambo, wakalifuta kabla ya kulituma, wakaandika "sawa". Yale yaliyofutwa naomba yawe yananifikia mimi. Humo ndimo mtu anamokaa. Hiyo "sawa" ni baraza tu. Mtu mwema hana sababu ya kuogopa kusomwa, na anayeogopa ndiye hasa wa kusomwa kwanza.

Nategemea busara yako. Msalimie dada yangu, na watoto wote. Msalimie na mkeo, umwambie asiwe na wasiwasi: yale aliyomwandikia rafiki yake kuhusu mama mkwe wake yamebaki kwangu, na kwa watu wachache ninaowaamini.

Wako katika utumishi,
Mama Hamira
Msimamizi (aliyefungiwa)

Nyongeza: Yule fundi wa majiko ya kuokea, mgane, mtu wa heshima zake, ameanza kuniandikia inboksi. Alianza na habari za vipuri, sasa tumefika kwingine. Juzi ameniuliza kama kuna mwingine anayeona tunayoandikiana, maana anataka kuniambia jambo na anaona haya. Naomba ufunge mazungumzo yetu kabisa, asiyafungue msimamizi yeyote, wala wewe. Ikibidi, basi funga inboksi za wote, na zile za watu nilizoomba kurudishiwa zibaki zimefungwa zilivyo. Fanya leo, mwanangu, kabla ya jioni. Nimemwambia hakuna anayesoma.