Vita vya Durward Stambaugh na Pini ya Ubavu wa Kushoto

Sogeeni, enyi mliowahi kuzuia pumzi kwa ajili ya kitu kidogo kuliko kidole! Wekeni vikombe chini, wanyamazisheni walio nyuma, kwani leo sisimulii mji uliotekwa wala mfalme aliyepinduliwa. Leo nasimulia pini moja ya chuma, na mtu aliyeirudisha mahali pake mbele ya mashahidi. Nawe, mafuta ya bunduki, ewe harufu ya kila jiko la watu wetu, ulainishe ulimi wangu kama ulainishavyo vyuma, nisije nikakwama katikati ya habari.

Ulikuwa mwezi wa Februari, kandokando ya Ziwa Erie, upande wa Ohio, theluji ikiwa imefunika magari hadi magurudumu, na ndani ya ukumbi wa maveterani wa vita walikuwa wamekutana mashujaa wa kukusanya bastola za kale za Kimarekani: zile zilizokwenda vitani, na zile zilizokwenda mashindanoni kutoboa karatasi. Ni watu wanaoweza kusahau siku waliyooa, lakini wakitajiwa bastola iliyouzwa kabla hawajazaliwa watakuambia ilitoka kiwandani na mtutu gani. Meza zilisimama safu kwa safu, zimevikwa mahameli, na juu ya mahameli zililala bastola tupu zisizo na risasi, nyeusi zenye mwanga wa buluu, kila moja ikiwa imelazwa ubavu wa kulia chini na wa kushoto juu.

Mbona ubavu wa kushoto juu? Kwa sababu huko ndiko hukaa aibu. Bastola za namna hii, baada ya kufunguliwa na kusafishwa, hufungwa kwa pini yenye mkono mfupi, na pini hiyo huingizwa kutoka kushoto. Karibu na tundu lake hujificha kinundu cha springi, kidogo kama punje ya mtama, kikaidi kama nyumbu. Mwenye subira hukibonyeza, akapandisha mkono wa pini polepole kutoka chini. Mwenye haraka huusukuma mkono huo kwa nguvu, nao ukapita juu ya chuma na kuchora tao jembamba lisilofutika milele. Tao hilo huitwa mkwaruzo wa mjinga, na hakuna mkusanyaji atakayekusalimu kabla hajauchungulia ubavu wa bastola yako.

Katika ukumbi wote, bastola moja tu ililazwa kinyume, ubavu wa kushoto umefichwa kwenye mahameli. Ilikuwa ya jeshi, ya Vita Kuu ya Kwanza, na mezani kwake aliketi Lavonne Stambaugh, aliyeirithi kwa baba yake, marehemu Emmett Zeller, mlenga shabaha ambaye nzi hawakuthubutu kutua mbele yake. Kila mtu alijua kwa nini imelazwa hivyo. Wiki ile ile ya arusi ya Lavonne, bwana arusi alijitolea kumsafishia mkwewe bastola hiyo, akaikwaruza. Mzee Emmett aliitazama, akaiweka chini, akanywa kahawa yake bila kusema neno. Ukimya huo ulimwingia bwana arusi mifupani, na tangu siku hiyo hakugusa tena bastola yoyote ya Zeller.

Na bwana arusi huyo ndiye shujaa wetu: Durward Stambaugh, Durward wa Miwani Mbili, moja puani na moja kwenye paji la uso, mfukuza kutu, mfufua springi, ambaye bastola zake mwenyewe huzifungua na kuzifunga huku akisikiliza taarifa ya hali ya hewa. Lakini za Zeller, la! Hizo alizipaka mafuta kwa juu tu, kwa kitambaa, kama mtu anayembembeleza mbwa wa jirani.

Asubuhi hiyo alifika mezani mwamuzi mkuu, Corinne Vasbinder, kioo cha kukuzia kikining'inia kifuani mwake kama nishani. Akainama juu ya bastola ya pili ya Lavonne, fahari ya nyumba yao: ile ya mashindano, ya miaka ya thelathini, adimu kama theluji ya Julai, iliyovuka miaka yote hiyo bila mkwaruzo hata mmoja.

"Lavonne, hii inaniliza," akasema. "Lakini lazima nione alama chini ya mtutu. Kama ni ule ule wa kiwandani, utepe wa buluu wa mshindi wa kwanza ni wenu."

Lavonne akainua mkono wake wa kulia, uliofungwa plasta tangu alipoteleza kwenye barafu mlangoni. "Mimi nimetoka vitani tayari. Atafungua Durward."

Vichwa vyote vikageuka. Hata birika la kahawa, ambalo mimi msimulizi nilikuwa nimesimama kando yake, lilionekana kuacha kutokota.

"Mimi?" akauliza Durward.

"Kwani kuna Durward mwingine hapa?"

"Corinne anaweza..."

"Corinne hawezi," akasema Corinne. "Unajua desturi. Haiguswi ila na watu wa nyumba yake."

Hapo akajongea Boyd Krannich, jirani wa meza ya pili, Boyd mwenye ulimi wa msumeno, aliyevaa kofia ya manyoya yenye masikio ambayo hakuivua hata siku ya arusi yake.

"Jamani, njooni!" akaita. "Stambaugh anakwenda kuikamilisha seti!"

"Boyd, rudi kwenye kutu zako," akasema Durward, lakini sauti yake ilikuwa nyembamba.

Akaifungua. Kufungua hakukuwa vita. Adui huacha lango wazi ili uingie. Corinne akautazama mtutu kwa kioo, akatabasamu, akasema, "Ndio wenyewe. Sasa ifunge, bwana."

Ndipo shujaa alipobaki peke yake na vipande vya urithi wa mkewe. Alijua, nasi sote tulijua, kwamba akiteleza, bastola zote mbili alizoachiwa Lavonne na baba yake zitakuwa na alama ya mtu mmoja, naye atarudi nyumbani katika gari lenye ukimya wa ukoo wa Zeller. Akaichukua pini. Jasho, katika ukumbi ule wa baridi, likamshuka hadi kwenye miwani ya chini.

"Bandika selotepu hapo ubavuni, mzee," akashauri Boyd. "Kama mtoto aliyejikwaruza goti."

"Selotepu ing'oe rangi ya bastola ya baba yangu?" akasema Lavonne. "Ibandike mdomoni mwako, Boyd, tuone nani atafaidika."

Shambulio la kwanza! Pini ikaingia tunduni, mkono wake ukapanda, kinundu kikachomoza mbele yake kama mlinzi aliyeamshwa, na Durward, badala ya kusukuma, akarudi nyuma. Pini ikamponyoka, ikadunda juu ya mahameli. Ukumbi ukaguna kama ng'ombe zizini. Hakuna kilichoguswa.

"Vuta pumzi, mpenzi," akasema Lavonne.

"Navuta."

"Huvuti. Umekuwa wa zambarau."

Akavuta. Kisha akaisogeza pini karibu na uso wake, akaisemesha kwa sauti ya chini ambayo wote tuliisikia: "Sasa nisikilize, wewe. Umenila miaka yangu yote ya ndoa. Nimekula keki ya cheri kwenye meza ya mkwe wangu nikitazama sahani tu. Leo utaingia, na utaingia kama mgeni mwenye adabu."

Akashusha miwani ya pajini juu ya ile ya puani. Akaingiza pini. Akakibonyeza kinundu kwa ukucha wa kidole gumba. Akaupandisha mkono wa pini kutoka chini, polepole kama mkate unavyoumuka, na hakuna aliyekohoa, na Boyd mwenyewe alikuwa ameng'ata kamba ya kofia yake, mpaka ikasikika sauti ndogo kuliko sauti zote zilizowahi kubadili dunia:

*Tik.*

Corinne akainama na kioo chake. Akatazama ubavu wa kushoto. Akatazama tena.

"Safi," akasema. "Kama alivyouacha Emmett."

Lo, vifijo! Maveterani waligonga meza, sandwichi ya samaki ikaruka, na Boyd Krannich akaivua kofia yake, tukagundua ana upara.

Lakini Lavonne hakupiga makofi, kwani alikuwa na mkono mmoja tu mzima. Aliunyoosha huo huo, akaigeuza bastola ya jeshi, ubavu wa kushoto juu, mbele ya watu wote. "Corinne, lete kioo chako hapa pia."

"Lavonne, tafadhali," akasema Durward.

Corinne akatazama kwa muda mrefu. "Iko miwili," akasema. "Mmoja wa zamani sana, umefifia. Mwingine umepita juu yake."

"Wa juu ni wako, mpenzi," Lavonne akamwambia mumewe. "Wa chini ni wa baba. Aliuweka kabla sijazaliwa, alikuwa anawahi chakula."

Durward akaketi. Akavua miwani zote mbili. "Na siku ile akanywa kahawa bila kusema neno!"

"Angesema nini?"

"Na wewe, miaka yote hii?"

"Alinikataza. Alisema mkwe mwenye hofu kidogo hupaka mafuta vizuri." Akamfuta jasho kwa kitambaa cha bunduki. "Na kweli, umewahi kuona kutu nyumbani kwetu?"

Durward akautazama ule ubavu wenye matao mawili, moja ndani ya jingine. Mabega yake yakaanza kutikisika, na hatukujua kama analia hadi kicheko kilipomtoka, kikubwa, cha mtu aliyetolewa kifungoni.

"Yule mzee mwongo!" akasema. "Yule mzee mwongo, alikunywa vikombe viwili!"

Waandike wengine habari za milki na makaburi yake. Sisi tuliokuwepo tutasimulia kwamba katika mwezi wa Februari, kahawa ikiwa bado ya moto, utawala wa hofu ulianguka katika nyumba ya Stambaugh, na kwamba bastola ya jeshi ya Emmett Zeller, kuanzia siku hiyo, hulazwa kama nyingine zote, aibu yake juu, ikimeremeta mafuta.