Pikipiki ya Kilomita Sitini na Moja

Jina la Msemakweli alijipa mwenyewe, maana hapakuwa na mtu mwingine mjini ambaye angempa. Asubuhi hiyo alikuwa ameegemea kaunta ya duka la vipuri, hanunui, hauzi, anavuta tu hewa ya grisi na kusubiri riziki impitie karibu aidake. Akaingia mama mmoja wa makamo yaliyopitiliza, mfupi, raba nyeupe miguuni, mkoba umebanwa kwapani.

"Mwanangu," akamwambia muuza duka, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikika hadi chumba cha pili, "nataka plagi ya pikipiki hii." Akaweka mezani kitabu cha maelekezo, kurasa zimegeuka manjano lakini hazijakunjwa hata pembe.

Muuza duka akakitazama kile kitabu kama anayeonyeshwa picha ya babu yake. "Mama, hizi ziliacha kutengenezwa sijazaliwa. Pikipiki yenyewe bado ipo?"

"Ipo sebuleni. Imetembea kilomita sitini na moja tu. Marehemu mume wangu alianguka nayo mtaroni mbele ya watu wa harusi, akaifunika, akakataza mtu kuigusa."

Masikio ya Msemakweli yakasimama kama ya sungura. Mjini hapo aliishi tajiri mmoja wa vigae aliyependa pikipiki za zamani kuliko alivyowapenda wakwe zake, naye alikwisha kutangaza kwamba atakayemletea ya zamani ambayo haijachoka, atataja bei mwenyewe. Sitini na moja! Hiyo si pikipiki iliyochoka. Hiyo ni pikipiki ambayo haijaamka.

"Mama shikamoo," akasema Msemakweli, na mkoba ukawa tayari mkononi mwake. "Hebu nikusindikize. Mimi ni mtaalamu wa mashine za kale."

Nyumba ya yule mama ilikuwa ya vyumba viwili na sebule, na nusu ya sebule ilikuwa imekaliwa na mgeni aliyefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake chombo cha maua ya plastiki. Mama akatoa maua, akavuta kitambaa. Tangi la kijani kibichi. Taa ya mviringo kama jicho la ng'ombe. Chuma king'aacho, kimepigwa na kutu kidogo tu pembeni. Na kwenye mita, namba zimetulia: sitini na moja.

Ndani ya kifua cha Msemakweli ngoma zilipigwa. Usoni, hata hivyo, alivaa msiba.

"Pole sana, mama."

"Ya nini?"

"Pikipiki ni kama binadamu. Mtu akilazwa kitandani miaka yote hiyo, miguu inabaki kuwa miguu? Hizi sitini na moja ndizo ugonjwa wenyewe. Ingekuwa elfu sitini ningekuambia ina afya."

Mama akamtazama kwa utulivu. "Mimi nilikuwa mkunga miaka thelathini na minane."

"Basi unaelewa habari za kufa na kupona."

"Naelewa. Na nimezoea kuambiwa tarehe zisizo sahihi."

Msemakweli akacheka kwa adabu bila kujua anacheka nini. Akasema kwamba kwa huruma tu, yeye angemwondolea lile balaa kwa bei ya chuma chakavu, kwa kilo, na usafiri juu yake. Mkunga akafikiri kidogo.

"Nimekubali. Ila nina sharti moja. Watoto wote niliowapokea, hakuna aliyeondoka mikononi mwangu kabla hajalia. Na hii ilie kwanza, hapa hapa kwangu. Siku itakayolia, utanilipa hizo kilo zako."

Msemakweli akapiga hesabu haraka. Tajiri wa vigae naye angetaka kuisikia ikinguruma, kwa hiyo gharama ya kuifufua ilikuwa palepale. Akakubali. Na kwa kuwa mwizi ndiye anayeogopa kuibiwa kuliko watu wote, akatoa karatasi na kuandika mkataba kwa mkono wake, ili baadaye asije mpwa au shangazi kudai kwamba mama alilaghaiwa. *Nimekubaliana na mnunuzi kumuuzia chuma chakavu, yaani pikipiki mbovu isiyowaka, kwa bei ya kilo, malipo siku ya kukabidhiana.* Mkunga akausoma mara mbili, akaomba iwekwe nukta mahali iliposahauliwa, akatia sahihi.

Jioni ile ile tajiri wa vigae akatoa bahasha ya kianzio, nene kama mkate. Kesho yake Msemakweli akamchukua kaka wa mkewe, fundi aliyeitwa Spana, mtu mwenye mikono ya dhahabu na kasoro moja kubwa: hakuweza kusema uongo.

"Ukiulizwa, sema imekufa," Msemakweli akamwonya njiani.

"Ikiwa haijafa, shemeji?"

"Basi jitahidi usiulizwe."

Walipofika, mkunga akamwangalia Spana kuanzia unyayo hadi utosi. "Wewe si wa yule mshonaji wa karibu na tangi la maji? Nilikupokea mimi. Ulitanguliza miguu, ukanichosha tangu alfajiri hadi adhuhuri."

Kuanzia hapo Spana alifanya kazi kama mtoto aliyetumwa na bibi yake. Walifungua tangi, petroli ya miaka mingi ilikuwa imegeuka gundi na kunuka kama dawa ya viatu. Ndani ya kiti panya walikuwa wamejenga ukoo. Kabureta ikachemshwa jikoni katika sufuria ambayo zamani ilichemshia mikasi, na vijitundu vyake mkunga akavizibua mwenyewe kwa sindano, miwani puani. Kabla Spana hajanyoosha mkono, spana aliyoitaka ilikuwa imeshawekwa kiganjani.

Tatizo likawa pistoni. Ilikuwa imeganda. Msemakweli, mwenye haraka ya tajiri wake, akashika nyundo.

"Weka chini!" mkunga akafoka, na nyundo ikawekwa chini. "Ukilazimisha utachana. Mimina oili humo kwenye tundu la plagi, halafu tusubiri. Itaachia yenyewe ikiwa tayari."

Walisubiri siku tatu. Mkunga alikaa kwenye kigoda, kiganja juu ya injini, akimenya viazi kwa zamu. Siku ya nne Spana akakanyaga kiki polepole, pistoni ikateleza, na watu wazima watatu wakarukaruka sebuleni mpaka maua ya plastiki yakaanguka.

Msemakweli akawa mtu wa mbio. Plagi aliipata kwa mzee aliyekuwa akiitumia kuzuia mlango. Waya wa klachi ulisukwa upya. Betri, mnyororo, mipira, pointi za kuwashia. Akileta tairi za bei rahisi, mkunga anazibonyeza na kuzirudisha: "Hizi zikipata matope zitacheza. Lete nyingine."

"Mama, si ni chuma chakavu?"

"Hata chuma chakavu kinapaswa kushika njia."

Bahasha ya tajiri ikakonda kama mgonjwa. Lakini jambo la ajabu zaidi ni kwamba Msemakweli alianza kuamka mapema bila kuamshwa. Mkewe alimkuta kitandani akichora kabureta kwa kidole hewani, akamuuliza kama ana homa.

Siku ikawadia. Msemakweli alimwambia tajiri wa vigae asubiri kichochoroni saa tatu, aingie akiitwa. Pikipiki ikatolewa uani, inang'aa kama sahani ya mgeni. Majirani wakapanda juu ya ndoo ili waone. Spana akakanyaga kiki. Kimya. Mara ya pili, kikohozi. Mara ya tatu, kikohozi na moshi mdogo. Msemakweli alikuwa amepiga magoti kando ya injini, akiibembeleza kwa maneno ambayo mkewe hakuwahi kuyasikia.

"Sukuma!" mkunga akapaza sauti, mazoea yakamshinda. "Sukuma, mwanangu, sukuma!"

Spana akasukuma. Pikipiki ikalia.

Ikalia kwa sauti nene ya kupendeza, moshi wa buluu ukajaa ua, majirani wakapiga vigelegele. Msemakweli akamkumbatia shemeji yake, akambusu mkunga kwenye kilemba, akajifuta macho kwa kitambaa chenye grisi, uso ukawa mweusi kama sufuria. Tajiri wa vigae alishindwa kusubiri kuitwa. Aliingia mbio, kinywa wazi.

Ndipo mkunga akachomoa karatasi kifuani.

"Mwanangu, nisomee ulichoandika."

"Si lazima sasa, mama…"

"Nisomee."

"…chuma chakavu, yaani pikipiki mbovu isiyowaka."

Pikipiki iliendelea kuunguruma kati yao bila aibu.

"Fundi," akasema mkunga, "hii inawaka?"

Msemakweli alimkonyeza Spana kwa macho yote mawili. Spana akamgeukia mkunga. "Inawaka, mama."

"Basi hii siyo uliyonunua. Ile isiyowaka itafute humu ndani. Ukiipata, chukua bure, kilo sikudai."

"Mama! Umenitapeli!"

"Nimepokea senti yako ipi?"

Msemakweli akajipapasa mifuko yote, akitafuta risiti ambayo hakuwahi kupewa.

"Nilizunguka kwa mafundi kumi na mmoja," mkunga akasema, sasa kwa upole. "Fundi mwaminifu ana foleni, na bei yake pensheni yangu haiifikii. Lakini mlaghai ana nafasi wakati wowote. Kwa hiyo nikapita duka baada ya duka siku tatu mfululizo nikiulizia plagi kwa sauti kubwa, nione nani ataninyang'anya mkoba. Mwanangu, miaka thelathini na minane nimekwenda kwa wazazi kwa miguu, kwenye mvua, kwenye tope, na hii imekaa sebuleni imevaa kitambaa. Leo ni zamu yangu."

Akavaa kofia ngumu. Akapanda. Jirani yake dereva wa bodaboda alikuwa amemfundisha mwaka mzima kwenye uwanja wa mpira, jambo ambalo mtaa wote ulilijua isipokuwa mtu mmoja. Gia ikaingia, lango likafunguliwa, na mkunga akatoka, akiyumba kidogo, kisha akanyooka.

Tajiri wa vigae akamgeukia Msemakweli. "Kianzio changu kiko wapi?"

Spana, ambaye kasoro yake tunaijua, akaonyesha barabara. "Kinakwenda pale, mzee. Tairi mbili, betri, na mnyororo."

Tajiri akakunja uso, akasikiliza mlio ukififia mtaa wa pili, uso ukakunjuka wenyewe. "Nani ameifanya kazi ile?"

"Sisi wawili," akajibu Spana.

"Mimi ninazo tano nyumbani, hakuna hata moja inayopumua. Mtazifufua zote, na kianzio ndicho hicho mlichokwisha kula. La sivyo nakwenda polisi. Jumatatu, saa mbili."

"Mimi? Kazi?" Msemakweli akapauka. Alitazama ukuta wa nyuma, akaupima urefu. Ulikuwa unarukika.

Lakini mlio ukaanza kukua tena. Mkunga alikuwa amezunguka mtaa mzima, anarudi kwa kasi, kilemba kinapepea chini ya kofia, raba nyeupe zimetanuka kushoto na kulia.

"Mwanangu!" akapiga kelele akipita langoni bila kusimama. "Breki ya mbele haishiki!"

"Kanyaga ya nyuma!" Msemakweli akaruka, siyo ukutani bali barabarani, spana mkononi. "Ya nyuma, mama! Punguza gia! Usiibane klachi hivyo, utaunguza!"

Akamkimbilia mtaa mzima, viatu vikimtoka, Spana nyuma yake, na nyuma ya Spana tajiri wa vigae akihema na kupiga kelele kwamba saa mbili maana yake ni saa mbili kamili.