Muhuri Juu ya Mlima wa Wachina

Jumatatu, 5 Machi 1973
Doyen, mkubwa wa kitivo chetu, ameniita. Nikajua nimefukuzwa. Kumbe hapana! Wachina wanakuja Ijumaa, picha yao ya kale ya kuchorwa imeshafika, na mimi ndiye mwalimu wa sanaa ya China, donc mimi ndiye nitaieleza. Nikifanya vizuri, cheo cha chef de travaux ni changu. Nikiharibu, ni cha citoyen Feruzi, yule anayefundisha mambo ya Wagiriki. Feruzi! Mutu hata kufunga vifungo vya koti lake la abacost hajui.

Jumanne, 6 Machi
Nimeifungua. Milima, ukungu, kamzee kadogo na fimbo. Miaka yote nafundisha kwa kitabu kimoja. Leo ndiyo mara ya kwanza kuona picha yenyewe. Lakini mihuri myekundu kila mahali, hata angani! Nani anapiga muhuri angani? Kichwa kinaniuma. Kitabu kinasema kila aliyekuwa na picha alipiga muhuri wake. Ah, bon! Kama attestation ya mwenye mali tu. Na wa chuo chetu uko wapi? Hakuna! Wachina watasema tumeiiba.

Jumatano, 7 Machi
Mama Safi wa sekretariati amekataa. Eti muhuri haupigwi juu ya milima. Nimemletea samaki wa Yanonge. Akakubali, tena kwa bidii: muhuri wa zambarau juu ya kamzee, “Vu et approuvé”, yaani imeonwa na kukubaliwa, tarehe, sahihi yangu. Bila hivyo, anasema, document haina nguvu. Mwanamke wa kazi!

Alhamisi, 8 Machi
Feruzi ameiona. Amecheka mpaka ameshika ukuta. Nikamwuliza kinachochekesha ni nini. Akasema nisibadilishe kitu, iko muzuri sana. Wivu tu. Lakini mbona alinipa mkono kwa furaha vile? Sielewi.

Ijumaa, 9 Machi
Mkubwa wa Wachina aliitazama sana. Akauliza, kwa mkalimani, huo wa zambarau ni wa nani. Wetu, nikajibu, kifua mbele. Akauliza tena kwa upole: yaani mumeichukua? Maana walituazima tu; Jumatatu inaendelea Lubumbashi. Doyen akakaa. Kiti hakikuwepo.

Jumamosi, 10 Machi
Feruzi amepewa cheo. Nimelia, naandika ukweli. Doyen amenikataza kugusa kitu chochote cha China. Sasa nitafundisha nini?
Nimewaza asubuhi nzima, alors nimeona kosa. Karatasi ikiingia ofisini inapigwa muhuri wa kuingia. Ikitoka, wa kutoka. Sisi tulipiga mmoja tu! Ndiyo maana yule mkubwa wa Wachina alichanganyikiwa. Mama Safi amekubali, kwa samaki mkubwa zaidi. Angani bado kuna nafasi.