Askari wa Malkia wa Nge

Sabuni hakwenda saluni kunyolewa. Alikwenda kusikiliza. Chini ya mashine za kukaushia nywele watu hupaza sauti bila kujijua, na siri ikipazwa sauti huota miguu. Alikaa pembeni ndani ya suti yake ya kijivu, akijifanya anamsubiri mke. Suti hiyo ndiyo ilikuwa shamba lake, duka lake na cheti chake. Bila suti, Sabuni alikuwa mwanaume mwembamba mwenye maneno mengi. Akiivaa, alikuwa mkurugenzi.

Chini ya mashine, mjane mmoja wa muuza mabati alikuwa akilalamika.

"Dhahabu aliyoniachia marehemu imejaa sanduku, wifi. Niivae wapi? Nikienda nayo sokoni wataning'oa mpaka masikio."

Wifi yake, fundi cherehani mwenye pini mdomoni, aliitikia kwa pua.

Mtu mwingine angejiuliza ni mwenye dhahabu gani huyo anayeitangazia saluni nzima. Sabuni hakuwa mtu mwingine. Tamaa ilishamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alisogea, akainama kwa adabu.

"Shikamoo mama. Samahani kwa kukuingilia. Umewahi kusikia kosplei?"

"Ni ugonjwa?"

"Ni sanaa, mama. Unajivika uhusika wa katuni, nguo, nywele, silaha, kila kitu, kisha unapigwa picha. Kuna shindano, mshindi anapewa gari. Mji mzima namtafuta Malkia wa Nge, kumbe yuko hapa anakaushwa nywele."

"Yule mwenye mkia? Wajukuu zangu wanamwangalia kutwa." Mama Mabati alijitazama kiooni, akainua kidevu. "Mkia atashona wifi."

Kesho yake walikutana nyumbani kwa mama kupanga kazi. Nyumba kubwa, makochi yamefunikwa mashuka. "Vumbi, mwanangu," mama alisema, na Sabuni akaliamini vumbi.

Alipanga kama mtu aliyesomea. Gauni jeusi la kung'aa, mkia wa sponji wenye waya ndani, kope za bandia, midomo ya zambarau. Na juu ya yote, dhahabu ya kweli.

"Taa zangu kali, mama. Zinaumbua bandia palepale."

"Na hizo taa zinakaaje?" wifi aliuliza.

"Moja nyuma ya kichwa, ichore ukingo wa nywele. Moja pembeni, imefunikwa karatasi ya zambarau. Na moshi kidogo chini."

"Ya mbele?"

"Ya mbele hatuweki."

"Sasa mimi nakuja kupigwa picha au kufichwa?" mama aliuliza.

"Mama, malkia haonwi. Anahisiwa."

Neno tamu hilo, lakini ukweli ni kwamba kamera yake ilikuwa ganda tupu, na taa ya mbele humwangaza mpaka mpiga picha. Mpango wake ulikuwa mwepesi: moshi ukishapanda, mama aende kubadili gauni, dhahabu ibaki kwenye boksi ipoe joto la taa, yeye apite mlango wa jikoni.

Wifi alitoa pini mdomoni. "Malkia bila askari ni mpangaji tu. Askari uwe wewe."

"Mimi ni mpiga picha, dada."

"Kamera si inaweza kupiga yenyewe? Au ya kwako haiwezi?"

Sabuni alinyoosha koti la suti. "Inaweza."

"Basi. Bila askari, sanduku halifunguliwi," mama alimaliza.

Fisi akiombwa kulinda bucha, hakatai mara mbili.

Siku ya picha alifika asubuhi, akaegesha gari lake getini, gari alilolipata kwa ulimi huohuo. Wifi alimvua suti kwa heshima, akaitundika chumbani, funguo na simu vikiwa mifukoni. Kisha akamvika deraya ya mikeka ya mazoezi iliyopuliziwa rangi ya fedha. Akachukua sindano.

"Zipu iko wapi?" Sabuni aliuliza.

"Zipu inaonekana kwenye picha. Vazi la askari linashonewa mwilini. Simama wima, nisije nikakushona na ngozi."

Alimshona mgongo, akamshona mapaja, akampachika glavu nene kama mito. Magoti yakakataa kukunjika. Mwisho akamtia kofia yenye matundu mawili ya macho na akaifunga kwa uzi shingoni.

"Unapumua?"

"Kidogo."

"Inatosha."

Taa zikawashwa, moshi ukapanda, saa ya mlio aliyoificha ndani ya kamera tupu ikalia kwa bidii. Mama Mabati alisimama na mkia wake, shingo na mikono vikimeremeta kwenye zambarau. Baadaye akavua mapambo yote mwenyewe, bila kuombwa, akayaweka kwenye boksi.

"Naenda kubadili. Askari, linda."

Mlango ulipofungwa, Sabuni alishukuru nyota yake. Alilikumbatia boksi na kuanza kunyata, ikiwa kutembea kama kabati kunaweza kuitwa kunyata. Alitamani kuing'ata cheni moja, maana dhahabu hupimwa kwa meno, lakini kofia haikuwa na mdomo. Akavuka jikoni, akatoka nje, akawacheka wanawake wale wajinga.

Ndipo akasikia gari likiwaka getini. Aliijua sauti ile, lilikuwa lake.

Alipozunguka nyumba, gari lilikuwa linakata kona. Mama Mabati alikuwa kwenye usukani. Wifi alikaa pembeni, amevaa koti la kijivu lililomkaa vizuri mabegani, na mkia wa nge ulitoka dirishani ukipunga.

Sabuni alifungua boksi. Pete za pazia, vipande vya mnyororo wa kizibo cha sinki, vyote vimepuliziwa rangi, na rangi ilikuwa imeanza kuhamia kwenye glavu. Jua lilimpiga usoni bila huruma. Hiyo ndiyo ilikuwa taa ya mbele aliyoikataa.

Mlinzi wa nyumba jirani alikuja mbio. "We roboti, humo umefanya nini? Wenyewe wamesafiri, na ufunguo ameshika yule mama wa usafi tu, huyo aliyetoka na gari."

"Kaka, una mkasi?"

"Mkasi baadaye." Mlinzi alitoa simu. "Geuka kidogo. Hapohapo. Mwanga umekaa."

Watu walianza kujaa, na simu nyingine zikatoka. Katika maisha yake yote Sabuni hakuwahi kupiga picha hata moja. Siku hiyo alipigwa na mtaa mzima, na zote zilitoka vizuri.