Mishono Miwili Sebuleni Kwangu

Daktari Bingwa uliyewashona wanangu,

Shukrani zitangulie, lawama zifuate.

Mwezi uliopita uliwapasua wanangu wawili, yule fundi wa kuchomelea na mdogo wake kinyozi, waliorithi kwa baba yao moyo wenye vali iliyolegea. Kila mmoja ulimwekea pete ya kuibana. Hapo sina neno. Neno langu ni mishono. Pete ya mkubwa uliishona kwa uzi mmoja mfululizo. Ya mdogo uliishona mshono mmoja mmoja, kila mmoja na fundo lake. Kibaya zaidi, ukawaeleza.

Sasa wanauguzwa kwangu, sebule moja, na malalamiko yangu ni haya:

1. Hakukaliki. Mkubwa anasema mafundo mengi ni dalili ya fundi asiyejiamini. Chuma huchomelewa mfululizo. Mdogo anamjibu kwamba uzi wa mtu fulani ukikatika mahali pamoja tu, pete nzima itaning'inia kama hereni. Nikiwanyamazisha, kila mmoja anasema mwenzake ndiye aliyeanza. Hawa ni watu wenye wajukuu.

2. Wake zao hawakai tena kochi moja. Jirani aliyekuja kuomba chumvi aliulizwa kwanza yeye ni wa mafundo au wa mfululizo. Aliondoka bila chumvi.

3. Kila jioni wanategeana sikio kifuani kwa zamu, kusaka kasoro. Mdogo anadai moyo wa kaka yake unasitasita. Mkubwa anasema wa mdogo unapiga kwa majivuno.

4. Mimi niliwazaa kwa njia moja nisionekane nampendelea mtu. Wewe umekuja kuwatofautisha uzeeni.

Hivyo naomba, kwa heshima zote, mmoja wao afunguliwe na kushonwa upya kama mwenzake. Yeyote, sichagui. Ikishindikana, wabadilishane pete. Ikishindikana kabisa, watie zipu wote wawili, nami nipumue.

Nisalimie wauguzi, mtu wa dawa za usingizi, na yule mama anayepiga deki wodini.

Ni mimi mzazi wao, niliyechoka.

Tanbihi: Nilisahau kukueleza kwamba tangu tumzike baba yao, hawa ndugu walikuwa hawasemezani. Hata kwako waliomba wodi tofauti. Basi barua hii usiifanyie kazi. Na wakija kliniki wakikuuliza mshono upi bora, tafadhali mwanangu, waambie bado unachunguza.